Amani Kwanza, Kisha Pumzi

(Mazungumzo ya redio, yamechapishwa hapa kwa ajili ya wale wasioweza kusikiliza. Somo: Yohana 20:19–22)

Bwakire buya kwenu nyote mlio Kisii na Nyamira, ninyi mnaojiandaa kwenda kuchuma majani ya chai, na ninyi mlioketi jikoni mkingoja uji uive.

Katika somo letu la leo wanafunzi wamejifungia ndani ya nyumba. Wameogopa. Bwana anaingia kati yao, na twaona anafanya mambo mawili kwa utaratibu. Kwanza anawapa amani. Kisha anawavuvia pumzi. Hakuanza na pumzi. Alianza na amani, maana walikuwa watu wenye hofu.

Leo tutasema juu ya pumzi, wala si kwa mfano tu. Tutasema juu ya pumzi hii ipitayo puani na kujaa kifuani, na jinsi inavyoweza kumsaidia mtu mwenye ugonjwa wa kutetemeka, ule ambao madaktari huuita ugonjwa wa Parkinson.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa moja tulilolihudumia, kulikuwa na mama mzee. Hatutamtaja jina. Tumwite Omongina tu, kama watu wa huku wamwitavyo kila mama aliyefikia umri wa heshima. Alikuwa mchumaji hodari wa chai. Halafu mkono wake wa kuume ukaanza kutetemeka, hasa alipouweka juu ya paja na kupumzika. Hatua zake zikawa fupi. Uso wake, ambao kila mtu aliujua kwa kicheko, ukawa hauonyeshi furaha wala huzuni. Sauti yake ikashuka hata tukawa twainama ili kumsikia.

Siku moja ya Ushirika Mtakatifu alikuja mezani. Mbele ya watu wote mkono ulitetemeka kuliko ulivyotetemeka nyumbani, na divai ikamwagika. Akina mama wawili waliopiga magoti karibu naye wakasogea kando. Nasi wachungaji, tuseme kweli, tulikiondoa kile kikombe kwa haraka isiyopasa. Tulidhani twamwepusha na aibu, kumbe tulimwongezea. Kwa muda wa miezi mitatu hakuonekana kanisani. Tulipokwenda kumtazama, mjukuu wake alitutoa nje na kutuambia kwa sauti ya chini ya kuwa watu wa kijiji wameanza kunong'ona neno moja: omorogi. Mchawi.

Ninyi mnaokaa huku mwaujua uzito wa neno hilo. Katika mwezi wa Mei mwaka 2008, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto katika Kisii kwa kushukiwa uchawi. Katika Oktoba mwaka 2021, huko Marani, akina mama wazee 4 waliuawa kwa sababu hiyo hiyo. Hatuwataji hao kama wagonjwa wa Parkinson. Twawataja kwa sababu neno lile lililonong'onwa juu ya Omongina si neno la mchezo. Mzee ambaye mkono watetemeka, uso umenyamaza, macho yanakodoa bila kupepesa sana, naye hajibu salamu upesi, aweza kuhukumiwa na watu ambao hawajui ya kuwa wanamwangalia mgonjwa.

Basi na tujue ugonjwa huu ni nini.

Daktari Mwingereza, James Parkinson, aliandika juu yake huko London mwaka 1817, na jina lake ndilo lililobaki. Ndani kabisa ya ubongo ziko chembe zitengenezazo kitu kiitwacho dopamini. Dopamini ni kama mjumbe achukuaye maagizo ili viungo viende vizuri na kwa wakati wake. Katika ugonjwa huu chembe zile hufa polepole kwa miaka mingi. Mjumbe akipungua, maagizo huchelewa. Mtu ataka kuinuka, mwili unakawia. Ataka kuandika, herufi zinakuwa ndogo na kubanana. Misuli hukakamaa. Mwenye ugonjwa aweza kupoteza uwezo wa kunusa, kufunga choo, na kupiga kelele usingizini, pengine miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Kutetemeka kwenyewe kuna tabia yake. Mara nyingi huanza upande mmoja, na huonekana mkono unapopumzika. Mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka akiwa na ugonjwa huu, aweza kuona mkono watulia kidogo anaposhika kisu, kisha waanza tena anapokiweka chini. Jirani asiyejua husema, “Anajifanya.” Hajifanyi. Ndivyo ugonjwa ulivyo.

Ugonjwa huu hauambukizi. Huupati kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kunywa kikombe kimoja naye. Kwa wagonjwa walio wengi sababu hasa haijulikani. Umri ndio unaochangia zaidi, na katika jamaa chache hurithiwa. Si laana, wala si ishara ya uchawi.

Muhammad Ali, yule bondia aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974, aliambiwa na madaktari mwaka 1984 ya kuwa ana ugonjwa huu. Mwaka 1996 huko Atlanta aliuwasha moto wa michezo ya Olimpiki, mkono wake ukitetemeka mbele ya mataifa yote, na watu wakampigia makofi. Papa Yohana Paulo wa Pili, aliyezuru Kenya mara 3, alikuwa nao mpaka alipofariki mwaka 2005. Ndugu zangu, mkono ni ule ule. Huko Atlanta ulipigiwa makofi. Kwetu sisi ulinong'onewa.

Sasa tuje kwenye pumzi. Hofu na pumzi vinahusianaje na mkono utetemekao?

Mtu akiogopa, mwili wake hujiweka tayari kukimbia au kupigana. Moyo hudunda upesi. Pumzi huwa fupi, ya juu juu kifuani. Misuli hukaza. Hata mtu mzima wa afya mikono yake hutetemeka akiwa na hofu kubwa. Kwa mgonjwa wa Parkinson jambo hili huzidi sana. Akijua watu wanamtazama, mkono huongeza. Akiona umeongeza, hofu nayo huongezeka. Hivyo hofu na mkono hukimbizana kama ng'ombe wawili waliofungwa kamba moja.

Pumzi ni mahali ambapo twaweza kuikamata kamba hiyo. Moyo hatuwezi kuuamuru upunguze mwendo. Lakini pumzi twaweza kuiamuru. Tukiitoa polepole na kwa muda mrefu, mshipa mmoja mrefu wa fahamu utokao ubongoni hadi moyoni na tumboni hupeleka habari ya kuwa hatari imepita. Moyo hupunguza mwendo, na misuli hulegea kidogo.

Haya yamepimwa. Mwaka 2009 madaktari wa Israeli walieleza habari za wagonjwa 20 wa kutetemeka. Waliketishwa mahali pa utulivu, wakaongozwa kwa sauti ya upole walegeze mwili na kufikiri mahali pazuri wanapopapenda. Wote 20 kutetemeka kwao kulipungua, na kwa 15 kati yao kulikoma kabisa kwa muda wa dakika 1 hadi 13. Huenda mtu akasema dakika hizo ni chache. Ni chache kweli. Lakini zatosha kunywa kikombe cha chai bila kumwagika. Tena mwaka 2019 watafiti wa Hong Kong walitoa habari za wagonjwa 138, ambao kwa majuma 8 wengine walifanya mazoezi ya pumzi na utulivu pamoja na kunyosha viungo, na wengine wakafanya mazoezi ya kawaida ya viungo. Katika kutembea, makundi yote mawili yalisaidika sawasawa. Lakini wasiwasi na majonzi vilipungua zaidi kwa wale wa pumzi na utulivu.

Tuseme basi bila kutia chumvi: pumzi haiponyi ugonjwa huu. Haizifufui chembe zilizokufa. Inaondoa mzigo ule ambao hofu imeuongeza juu ya ugonjwa.

Mtaalamu wa viungo hospitalini alimfundisha Omongina, nasi tukajifunza pamoja naye. Twayaeleza hapa polepole, ili mwenye mgonjwa nyumbani aweze kumsomea.

Zoezi la kwanza ni pumzi ya tumbo. Mgonjwa aketi juu ya kiti chenye mgongo, miguu yake ikikanyaga chini sawasawa, au alale chali. Aweke mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Afunge kinywa, avute pumzi kwa pua taratibu, akihesabu moyoni mpaka 4. Mkono wa tumboni ndio uinuke, ule wa kifuani ukae karibu bila kusogea. Halafu atoe pumzi kwa kinywa, midomo ikiwa imekusanywa kama mtu apozaye uji wa wimbi, akihesabu mpaka 6. Kama koroboi ingekuwa mbele yake, moto wake uiname tu, usizimike. Asijilazimishe, wala asiizuie pumzi ndani. Dakika 5 zatosha, asubuhi na jioni, na tena kabla ya jambo linalomtia wasiwasi. Akiona kizunguzungu aache, apumue kawaida.

Zoezi la pili ni kulegeza misuli. Daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, ndiye aliyelieneza karibu miaka 100 iliyopita. Mtu hukaza sehemu moja ya mwili kidogo, kisha huiachilia, ili ajue tofauti ya kukaza na kulegea. Aanze na miguu. Akunje vidole kidogo akihesabu mpaka 5, aachilie huku akitoa pumzi. Kisha aende kwenye mapaja, tumbo, mikono, mabega, hata uso. Mgonjwa wa Parkinson asikaze kwa nguvu, maana misuli yake yaweza kushikwa na mkazo wenye maumivu. Mahali palipo na maumivu apaache, aende pengine. Mabega ayaangalie sana, kwa sababu mara nyingi yamepanda karibu na masikio na mwenyewe hana habari.

Zoezi la tatu ni kupeleka mawazo mahali pa amani. Afumbe macho akiendelea na ile pumzi ya tumbo, akumbuke mahali anapopapenda. Omongina alichagua shamba la chai la mumewe asubuhi, umande ungali juu ya majani, na milima ya Manga ikionekana kwa mbali. Mjukuu wake alikuwa akimwuliza taratibu: “Wasikia harufu gani? Wasikia ndege gani? Miguu yako yakanyaga nini?” Naye alikuwa akijibu, na mkono ukawa unatulia.

Zoezi la nne ni la wakati miguu inapokataa. Wagonjwa wengi hufika mlangoni au mahali pembamba, miguu ikashikamana na sakafu kama imepigwa misumari. Jamaa humvuta mkono wakisema, “Twende! Twende!” Msimvute, maana ataanguka. Mwacheni asimame wima, atoe pumzi moja ndefu, ayumbishe uzito wake kutoka mguu huu kwenda mguu huu, kisha ahesabu “moja, mbili, tatu” na kutupa hatua kubwa, kama mtu arukaye mfereji mdogo. Kuimba wimbo wenye mwendo wa kupiga hatua humsaidia pia, maana mdundo hufanya kazi ambayo yule mjumbe wa ubongoni ameishindwa. Mtu mwingine na awe karibu naye daima.

Zoezi la tano ni sauti. Avute pumzi ya tumbo, aseme “Aaa” kwa sauti kubwa na ndefu mpaka pumzi iishe. Afanye hivyo mara 10 kila siku. Halafu asome zaburi kwa sauti kana kwamba msikilizaji yuko ng'ambo ya boma. Mgonjwa hudhani anapiga kelele, kumbe sasa ndipo anaposikika. Waimbaji wa kanisa, hapa mnayo kazi. Msimwondoe mzee katika kwaya kwa sababu sauti yake imeshuka. Kwaya yaweza kuwa sehemu ya matibabu yake.

Mwenye ugonjwa wa moyo au wa kifua na amwulize daktari kabla ya kuanza mazoezi haya.

Wapenzi, twawasihi msije mkayachukua mazoezi haya mahali pa hospitali. Si kila kutetemeka ni Parkinson. Kuna kutetemeka kunakoletwa na tezi ya shingo, na pombe, na dawa fulani, na kuna kule kunakotokea mtu anapoinua kikombe lakini mkono ukipumzika hutulia. Daktari ndiye wa kupambanua. Anzeni katika zahanati iliyo karibu, nao watawaelekeza penye hospitali kubwa, kama ile ya Mafunzo na Rufaa mjini Kisii au ile ya Rufaa ya Kaunti mjini Nyamira. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache katika nchi yetu, na wengi wao wako Nairobi. Kwa hiyo mtu aende mapema, wala asingoje mpaka aanguke.

Iko dawa. Yaitwa levodopa, nayo huchanganywa na nyingine iitwayo kabidopa. Imetumika tangu miaka ya 1960. Huupa ubongo kitu cha kutengenezea dopamini, na wengi huona nafuu kubwa. Inywewe kwa saa zake. Nyama, maziwa na maharagwe kwa wengine hupunguza nguvu yake, kwa hiyo mara nyingi huambiwa wainywe nusu saa hivi kabla ya chakula. Isiachwe ghafla hata kidogo, maana kuiacha ghafla ni hatari. Twajua ya kuwa ni gharama, na si kila duka la dawa linayo. Ndiyo maana twasema mgonjwa huyu si wa jamaa yake peke yao. Ni wa kanisa zima.

Jirani zetu wa Tanzania walifanya jambo la kutufundisha. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, wachunguzi walitafuta nyumba kwa nyumba kati ya watu zaidi ya 161,000. Taarifa yao ya mwaka 2008 yasema walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao ni nini. Hebu fikirini. Watu wale waliishi na jambo lisilo na jina. Na jambo lisilo na jina la kweli, wanadamu hulipa jina la uongo.

Hapa tunarudi kwenye somo letu. Twaweza kumfundisha mzee kupumua vizuri sana. Lakini akitoka nje watoto wakamkimbia, na kanisani watu wakasogea kando, pumzi ile itamfaa nini? Mtu hawezi kulegeza mabega katika kijiji kinachomnong'ona. Bwana aliwapa amani kwanza, kisha akawavuvia. Nasi hatuwezi kugeuza utaratibu huo. Amani ya mgonjwa wa kutetemeka imo kwa sehemu kubwa katika mikono ya watu wanaomzunguka.

Basi wazee wa kanisa, mkisikia neno lile linanong'onwa juu ya mtu yeyote, msinyamaze. Semeni waziwazi. Nendeni kwa chifu mapema. Hata Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilifanya kumshutumu mtu kwa uchawi kuwa kosa. Akina mama wa kanisa, mtembeleeni, mketi naye, mfanye mazoezi pamoja naye. Vijana, mkimsalimu mzee wa namna hiyo, ngojeni jibu. Litakuja. Limechelewa njiani tu.

Na sisi wachungaji tulitubu kwa tendo. Omongina alipokubali kurudi kanisani, tulitangulia kuwaeleza watu Jumapili iliyotangulia, kwa ruhusa yake, ugonjwa wake waitwaje. Siku ya Ushirika aliletewa kiti karibu na meza. Akaketi, akavuta pumzi ya tumbo mara 3, na kanisa zima likangoja kimya. Kikombe hatukukijaza. Tulikishika pamoja naye kwa mikono miwili. Mkono wake haukuacha kutetemeka. Lakini divai haikumwagika, na yule mama aliyekuwa karibu naye hakusogea.

Tuombe.

Ee Mungu uliyetupa pumzi, twakuomba kwa ajili ya wote ambao mikono yao yatetemeka na miguu yao yakawia. Uwape utulivu mchana na usingizi usiku. Uwape jamaa zao subira, na waganga wao maarifa. Utusamehe sisi tuliosogea kando. Uondoe katika vijiji vyetu neno liuwalo, utufanye watu walio tayari kungoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.